Kodi ya miezi sita imeshalipwa, maji taka yanaingia ndani: nihame au nivumilie?

Shikamoo dada,

Nakuandikia usiku, nimekaa kitandani na watoto wangu wawili kwa sababu sakafu bado haijakauka.

Nina miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi. Tunaishi Sinza, si mbali na Mto Ng'ombe. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za Tunduma, kwa mwezi analala nyumbani siku nne au tano. Mwishoni mwa Januari dalali alituonyesha nyumba hii: vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani, katika uzio wenye familia nne. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, geti zuri, maji ya bomba yapo. Kodi ni 300,000 kwa mwezi na mama mwenye nyumba alitaka ya miezi sita. Tukalipa 1,800,000, kuanzia Februari mosi hadi Julai 31, na dalali akachukua 300,000 yake. Sehemu kubwa ya hela hiyo nilikopa kwenye kikoba na bado narejesha.

Februari tulikaa vizuri. Masika yalipoanza mambo yakageuka. Mvua ikinyesha usiku mmoja tu, maji meusi yanapanda kutoka kwenye tundu la bafuni, yanaingia koridoni hadi mlangoni pa chumba cha watoto. Chemba iko nje ya dirisha la jiko langu na mfuniko wake unanyanyuliwa na maji. Tumechangishana mara mbili, 25,000 kila familia, tukaita gari la kunyonya la lita 10,000. Mara ya pili lilikuja Jumamosi, likajaa mpaka dereva akasema hana nafasi tena. Jumanne chemba ilikuwa imejaa upya. Kuta nazo, ile rangi mpya imevimba na kubanduka, chini yake kuna unga mweupe na madoa meusi ya fangasi. Mtoto wangu wa miaka minne anakohoa wiki ya sita sasa. Daktari amempa dawa ya kuvuta, kisha akaniuliza, "Mama, mnaishi kwenye nyumba yenye unyevu?" Nilishindwa kumjibu, nikalia.

Nimempigia mama mwenye nyumba mara nyingi. Ni mjane, anaishi Kibaha. Anasema sisi wapangaji ndio tunatupa vitambaa na pedi chooni, na kuta zinaota fangasi kwa sababu hatufungui madirisha. Nikamwambia basi nirudishie kodi iliyobaki nihame. Akanikumbusha maneno yaliyo kwenye mkataba: "Kodi ikishalipwa hairudishwi." Mume wangu anasema tuvumilie hadi Julai, hatuna hela ya kulipa nyumba mbili.

Dalali yule yule ameniletea wazo. Anasema kuna familia inatafuta haraka. Nisafishe, nipake rangi kidogo, waje kuona siku ya jua, wanipe mimi kodi ya miezi iliyobaki, nami niondoke kimya. Roho inasita, lakini nimechoka dada. Nifanye nini?

Mpangaji, Sinza

*

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, wewe na wanao.

Nianze na usiku huu, maana hayo mengine yanaweza kusubiri asubuhi. Jaza mchanga kwenye mfuko wa plastiki, ufunge vizuri, uuweke juu ya lile tundu la bafuni, halafu uukandamize na tofali. Hautazuia yote, ila utapunguza kasi. Magodoro yasiguse sakafu. Ukideki, tumia dawa ya klorini, na usiichanganye kamwe na ile dawa kali ya kusafishia vyoo, kwa sababu zikikutana zinatoa hewa inayochoma mapafu, na wewe una mtoto wa kifua. Maji ya kunywa yachemshe, hata kama yametoka bombani. Bomba lililopita ardhini kwenye maji taka, likiwa na ufa, huvuta uchafu ndani pale mgao unapokatika na presha kushuka. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo hiyo.

Na yule wa miaka minne, kama una dada, mama mdogo au shoga yako mwenye nyumba kavu, mpeleke akalale huko kuanzia kesho. Usingoje suala la kodi liishe. Najua utaona aibu kuomba. Omba.

Sasa tuje kwenye lililokufunga. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona umeyafunga mambo mawili kwa kamba moja: kuondoka, na kurudishiwa pesa. Unajiambia huwezi kuondoka mpaka urudishiwe. Mumeo naye anasema mkae ili pesa isipotee. Lakini ile 1,800,000 ilishatoka mikononi mwenu tangu Januari. Kulala kwenye maji taka Mei, Juni na Julai hakuirudishi hata shilingi moja. Kinachobaki kuamua ni kama miezi hiyo mitatu mtoto wako aivute hewa hiyo au asiivute. Deni la mama mwenye nyumba linaweza kudaiwa ukiwa unakaa mahali pengine. Kwa hiyo jibu langu ni uhame. Ila uhame kwa mlango wa mbele, kwa maandishi na kwa mashahidi, ili mlango wa kudai ubaki wazi.

Kabla ya hapo tumalize ile lawama ya pedi na vitambaa, kwa sababu ndiyo ngao ya mama huyu, na wewe mwenyewe umeshaandika jibu lake bila kujua. Gari lilibeba lita 10,000 Jumamosi. Jumanne mkajaa tena. Hesabu watu wa uzio mzima. Familia nne, tuseme mko 17. Kila mtu akitumia ndoo mbili za lita 20 kwa siku, kuoga, kufua na choo, hiyo ni lita 680 kwa siku. Kwa siku tatu ni kama lita 2,000. Hizo nyingine 8,000 zimetoka wapi? Hazikutoka kwenu. Zimetoka ardhini.

Bonde lile maji yake ya chini yako karibu. Masika yakikolea udongo unashiba, na karo, yaani shimo la maji taka, lililojengwa kwa tofali zisizozibwa vizuri halinyonyi tena, bali linanyonyeshwa: maji ya ardhini yanaingia ndani yake, yanajaa, kisha yanatafuta tundu la chini kuliko yote katika uzio. Tundu hilo ni la bafuni kwako. Kitambaa kikiziba bomba, choo cha mtu mmoja kinagoma, na kinagoma hata kiangazi. Tatizo linaloanza na mvua, linaloshika uzio mzima, na linalorudi siku tatu baada ya kunyonya, ni tatizo la ujenzi. Tiba yake ni karo jipya lililozibwa au kuinua mfumo mzima, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Mpangaji hawezi kuchangishwa 25,000 kila wiki kwa ajili ya kuvuta maji ya ardhini.

Kuta vile vile. Chukua futi ya fundi, pima madoa yanaishia wapi kutoka sakafuni. Yakiwa yamekoma kwenye kimo cha mita moja hivi, pande zote, na kuna ule unga mweupe, hiyo ni chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka msingini kwa sababu hakuna kizuizi kilichowekwa chini ya ukuta. Fangasi wa kutofungua madirisha huanzia pembeni juu, karibu na dari, na nyuma ya makabati. Piga picha futi ikiwa imesimama ukutani. Picha hiyo ina nguvu kuliko maneno ishirini ya kwenye simu. Na ile rangi mpya ya Januari, mdogo wangu, nadhani sasa unajua ilikuwa inafunika nini.

Sheria inasemaje? Wapangaji wengi wa Dar wanaamini hakuna sheria inayowahusu, na nawaelewa. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo watu wakaona kila mwenye nyumba ni mfalme kwake. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 bado ipo, na ina sehemu nzima juu ya upangaji. Kifungu cha 88 kinamwekea mwenye nyumba ahadi ambazo zinahesabiwa kuwemo ndani ya kila mkataba, hata kama karatasi mliyonunua dukani haikuziandika. Mkataba ukiwa kimya, sheria inasema. Mojawapo ni kwamba anapopangisha sehemu tu ya jengo, ni juu yake kuweka katika hali nzuri paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na sehemu zinazotumiwa na wote. Soma tena hapo penye mifereji mikuu. Chemba yenu ndiyo hiyo. Nyingine inahusu jengo lililokodishwa kwa matumizi fulani ambalo haliwezi kutumika tena kwa matumizi hayo: mpangaji ana nafasi ya kuvunja upangaji kwa kutoa taarifa ya mwezi mmoja. Wewe ulikodi nyumba ya kuishi watu.

Hilo la "kodi ikishalipwa hairudishwi" litumie akili, usilitetemekee. Sentensi hiyo inamlinda mwenye nyumba dhidi ya mpangaji anayeamka asubuhi na kusema amepata nyumba nzuri zaidi. Hapo yuko sahihi kabisa. Haikuandikwa ili aliyeshindwa kutimiza upande wake abaki na malipo ya nyumba isiyokalika. Mkataba unawabana wawili. Lakini siwezi kukuahidi kwamba mbele ya baraza utapata kila senti. Dai la busara ni lile linaloonekana la haki hata kwa anayedaiwa.

Hesabu yangu ni hii. Unatoa taarifa ya mwezi mmoja kuanzia Mei mosi, inakwisha Mei 31. Miezi inayobaki ni Juni na Julai, yaani 600,000. Dai hiyo. Ongeza 50,000 yako ya magari mawili ya kunyonya, kama una risiti au ujumbe wa malipo kwenye simu. Ile ya dalali isahau, hairudi. Machi na Aprili ulizoishi kwa taabu unaweza kuzitaja kwenye mazungumzo kama sababu ya kutokatwa chochote, ila ukizidai zote utageuza dai safi kuwa ugomvi.

Taarifa ya simu haitoshi. Andika barua, nakala tatu. Si lazima iwe ya kisheria, iwe ya kweli na iwe na tarehe. Ningeandika hivi:

"Mimi mpangaji wako wa nyumba iliyopo Sinza, niliyelipa kodi ya Februari mosi hadi Julai 31, nakujulisha kwamba tangu Machi maji taka yanaingia ndani ya nyumba kila mvua inyeshapo. Nimekupigia simu tarehe hizi na hizi. Karo lilinyonywa mara mbili kwa gharama ya wapangaji na kujaa tena ndani ya siku tatu. Kuta zina unyevu na fangasi, na mtoto wangu anatibiwa kifua. Nyumba haifai kuishi watu katika hali hii. Nakuomba ufanye marekebisho ya karo na mifereji ndani ya siku 14. Yasipofanyika, barua hii ni taarifa ya mwezi mmoja ya kusitisha upangaji, nami nitakabidhi funguo Mei 31 na kuomba nirudishiwe kodi ya Juni na Julai, shilingi 600,000."

Nimeweka siku 14 makusudi. Mpe nafasi ya kutengeneza. Anaweza kushtuka akaleta fundi kesho yake, na kama asipoleta, hakuna atakayesema ulimvizia.

Nakala moja mpelekee Kibaha kwa mkono, nenda na mtu mzima mmoja, asaini kuwa ameipokea. Akikataa kusaini, shahidi wako aandike kwamba alikataa. Mpigie picha barua na kumtumia pia kwenye simu. Nakala ya pili ipeleke ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti au mtendaji aigonge muhuri. Ya tatu itunze pamoja na mkataba, risiti, kadi ya kliniki ya mtoto na picha zako. Majirani zako watatu wa uzio wasaini karatasi yao wenyewe wakieleza wanayoyaona. Wao nao wanaumia, na sauti nne si sawa na moja.

Halafu nenda ofisi ya kata umwombe afisa afya aje kukagua. Watu huwa wanamwogopa bwana afya kana kwamba kazi yake ni kutoza faini mama ntilie. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa hao mamlaka ya kukagua makazi na kumtaka mmiliki aondoe uchafu unaohatarisha afya. Mwombe aje siku chemba imefura, na umwombe kwa heshima aandike alichokiona. Karatasi yake inabadilisha kila kitu. Kabla yake ni neno lako dhidi ya la mama mwenye nyumba. Baada yake ni neno la serikali kwamba nyumba ina hatari.

Mkishindwana, Baraza la Kata litawaita kusuluhisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena kwenye migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kupatanisha, na siku 30 zikipita bila mapatano mwenye malalamiko anaweza kusonga mbele kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usilipe wakili kwa ajili ya 600,000, atakula nusu. Hapo Dar, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanatoa msaada wa kisheria bure. Wapelekee faili lako likiwa limepangwa kwa tarehe.

Nimekaa muda mrefu kwenye sheria kwa sababu nataka uende ukiwa umesimama wima. Lakini sidhani kama mtafika huko, na sababu ni mama mwenye nyumba mwenyewe. Ni mjane, anaishi mbali na nyumba yake, alichukua hela ya miezi sita kwa mkupuo kutoka kwa familia nne. Pesa hiyo haipo, mdogo wangu. Ilishakwenda kwenye ada, matibabu, au kumalizia tofali za mahali pengine. Ukimpigia simu ukisema "nirudishie laki sita", anachosikia ni kitu asichoweza, na mtu asiyeweza huwa mkali. Ndiyo maana anakimbilia pedi na madirisha. Hii haimwondolei wajibu wake. Inakuonyesha tu namna ya kumfikia.

Nenda ukamwone uso kwa uso, usiende na hasira ya simu. Nenda na picha na kadi ya mtoto. Mwambie, "Mama, sijaja kugombana. Nataka uone mjukuu wako anavyolala." Kisha mpe njia: akurudishie kwa awamu, 200,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi mitatu, yaandikwe kwa mwenyekiti wa mtaa na kusainiwa na wote. Ukiweza, msaidie kuona kwamba karo bovu litamfukuzia wapangaji wote wanne, na kwamba kutengeneza kiangazi, maji ya ardhini yakishuka, ni rahisi kuliko sasa. Nilipanga nyumba ya namna hii zamani, nikiwa na mtoto mchanga. Nilitoka kwa matusi, sikuambulia chochote. Mwenzangu wa chumba cha pili alikwenda kuongea akiwa ametulia, akarudishiwa karibu yote kidogo kidogo. Nililibeba somo hilo miaka mingi.

Mume wako. Usimwone katili. Anapiga hesabu za mtu aliye barabarani, na hesabu zake zina mantiki: deni la kikoba, kodi mpya, gari la kuhamisha. Ila anazipiga akiwa hajasikia harufu. Siku nne tano anazokuwepo huenda ni siku za jua. Mwonyeshe video uliyopiga usiku wa mvua, yenye sauti ya mtoto akikohoa nyuma. Halafu kaeni na karatasi. Upande mmoja andikeni mlichotumia tangu Machi kwa kliniki, dawa, nauli, magari ya kunyonya, magodoro, siku ulizokosa kazini. Upande wa pili andikeni chumba kimoja na sebule mahali pa juu, kwa kodi ndogo kuliko hii, hata kama ni mbali kidogo na shule yako. Simaanishi mhamie nyumba ya hadhi hii hii. Kubanana kwa miezi mitatu mahali pakavu ni bora, na mtafute mwenye nyumba anayekubali kodi ya miezi mitatu. Wapo, hasa ukienda bila dalali na kuuliza mafundi na wenye maduka ya mtaa husika. Kwenye kikoba nako kasemee mapema, kabla ya siku ya marejesho. Wanawake wenzio wanaweza kukusogezea tarehe wakijua kuna mgonjwa.

Nimebakiza la dalali, na hapa sitapindisha maneno. Usifanye hivyo.

Naelewa uchovu unavyomfanya mtu aone mlango pale palipo na ukuta. Lakini fikiria hao wanaotafuta haraka. Kwa nini haraka? Labda mama mjamzito, labda wamefukuzwa, labda nao wamekopa kwenye kikoba. Watakuja siku ya jua, wataona rangi mpya uliyoipaka wewe kwa mkono wako, watakupa akiba yao yote, na mvua ya kwanza itawapandia kitandani. Wewe ulifanyiwa hivyo hivyo Januari, na umeniandikia ukilia. Roho inayosita ndani yako ina haki. Tena kuna upande wa sheria: ukipokea kodi ya nyumba isiyo yako bila mwenye nyumba kujua, ukaficha kasoro unayoijua, mdaiwa utakuwa wewe. Dai lako lote safi litakufa siku hiyo.

Kutafuta mpangaji mbadala si kosa kwa yenyewe. Linakuwa jema mama mwenye nyumba akijua, karo likiwa limetengenezwa, na mgeni akiambiwa ukweli wote. Ukimkuta kijana asiye na familia ambaye anakubali kuingia Agosti baada ya ukarabati, mpeleke Kibaha wakaongee wenyewe. Dalali naye mwambie umekataa, na umwambie sababu.

Mkipata nyumba nyingine, nendeni kuiangalia mvua ikinyesha au kesho yake. Bila kuona haya weka kiganja ukutani chini, nyuma ya mlango, mahali ambapo fundi rangi huwa mvivu. Waulize majirani gari la kunyonya linakuja mara ngapi kwa mwaka. Na kabla ya kusaini, ongezeni kwa kalamu mstari mmoja: nyumba isipokalika kwa sababu ya maji, paa au choo, na mwenye nyumba asipotengeneza ndani ya siku 14, kodi ya miezi isiyokaliwa itarudishwa. Anayekataa mstari huo amekueleza jambo muhimu kuhusu nyumba yake.

Siku ya kutoka, toa vitu mchana. Fagia, deki, piga picha kila chumba kikiwa kitupu, pamoja na ile futi ukutani. Piga picha mita ya umeme ya Luku na ya maji, lipa fungu lako la mwisho kwa wenzako wa uzio. Andikeni karatasi fupi ya makabidhiano: tarehe, hali ya nyumba, idadi ya funguo, kiasi kinachodaiwa. Asaini mama mwenye nyumba, au mtu aliyemtuma kwa maandishi, na mjumbe awepo. Asipotokea, zipeleke funguo ofisi ya serikali ya mtaa, zipokelewe kwa muhuri. Usizimwachie dalali.